Mbwa anabaki na nani Desemba? Tathmini ya huduma za kulaza mbwa Dar es Salaam

Ikifika katikati ya Desemba, Dar es Salaam hupungua watu. Mabasi ya Moshi na Arusha yanajaa, foleni ya Kimara inaanza alfajiri, na nyumba nyingi za Goba, Mbezi, Tegeta na Kigamboni zinabaki na geti lililofungwa, taa moja ya nje na mbwa. Basi halipakii mbwa. Hata mwenye gari lake hafiki Kilimanjaro kirahisi na mbwa wa kilo 35, safari ya zaidi ya kilomita 500, wakati kiti cha nyuma kimeshajaa watoto na mizigo.

Tunapima hapa njia ambazo mkazi wa Dar anazo. Hatutaji majina ya wenye biashara, kwa sababu banda lililokuwa safi Agosti linaweza kuwa limejaa kupe Januari. Kinachobaki na faida ni kujua namna ya kulikagua.

Hukumu yetu ni hii. Kwa mbwa wengi, huduma bora ni mtu anayefahamika anayekuja kulala nyumbani kwenu. Inayofuata ni familia inayopokea mbwa wawili watatu, si zaidi. Hoteli ya mbwa yenye mabanda mengi inamfaa mbwa mzima, mwenye chanjo kamili, asiyeogopa wenzake, mradi banda lipite ukaguzi. Kliniki inamfaa mbwa anayehitaji dawa kwa saa maalumu. Kumwachia mlinzi peke yake tunaiweka mwisho, na sababu si uvivu wa mlinzi.

Kabla ya bei, picha na ahadi, uliza swali moja: nani analala pale usiku? Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama German Shepherd, anaweza kujaa gesi tumboni hadi tumbo likajipinda. Anahangaika, anajaribu kutapika hakitoki kitu, tumbo linakaza kama ngoma. Hali hiyo huua kwa saa chache, na tiba yake ni upasuaji. Ikianza saa tatu usiku na mtu wa kwanza kumwona mbwa akaja saa moja asubuhi, hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo jibu la "tuna mlinzi getini" halitoshi. Unataka jina la mtu anayelala mahali ambapo mbwa akilia anasikia, mwenye funguo za mabanda, simu yenye salio, gari au dereva wa bajaji anayeamkika, na namba ya daktari wa mifugo anayepokea usiku. Wakikujibu hayo papo hapo bila kutazamana, endelea na ukaguzi.

Hoteli ya mbwa

Usiende siku waliyokupangia wao. Fika saa mbili au saa tatu asubuhi, wakati wa usafi, uombe kuona mabanda yenyewe. Anayekuonyesha ofisi na uwanja wa kuchezea tu anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Anza na karatasi. Mahali pazuri pataomba kitabu cha chanjo cha mbwa wako kabla ya kukutajia bei: chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo haijapita muda, na ile ya mchanganyiko inayokinga distempa (kirusi kinachoshambulia mapafu na ubongo), pavo (kirusi kinachomfanya mbwa aharishe damu), homa ya ini na leptospira (bakteria wa mkojo wa panya). Wasipokuomba kitabu, maana yake hawakumwomba hata yule aliyeingia jana, na mbwa wako atalala ukuta mmoja naye. Hilo peke yake linatosha kugeuza gari. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake, yaani chini ya wiki 16, asilale hotelini hata kama wenyewe wamekubali.

Kuna pia kikohozi cha banda, kile kikavu kinachosikika kana kwamba mbwa amekwamwa na mfupa. Kinaenea kwa hewa na kwa vyombo vya maji. Chanjo yake ya kudondoshea puani huanza kukinga baada ya siku tatu hivi. Ya sindano huhitaji dozi mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne. Anayekumbuka chanjo siku moja kabla ya kuondoka ameshachelewa, kwa hiyo zimalize zote angalau wiki mbili kabla ya safari.

Sasa tazama sakafu. Saruji iwe laini, yenye mteremko, na mfereji utoke nje bila kupita ndani ya banda la jirani. Utashangaa ni mara ngapi mkojo wa banda la kwanza hupita kwenye mabanda yote hadi la mwisho. Ukuta kati ya mbwa na mbwa uwe wa tofali au ubao mgumu hadi juu ya vichwa vyao. Waya mtupu huwaacha wanusane, wakoholeane na wagombane usiku kucha.

Kisha inua macho. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai majanini kama yule wa ng'ombe. Anaishi na kuzaliana ndani ya banda lenyewe. Jike akishiba damu hudondoka, hupanda ukuta, hujibana kwenye ufa na kutaga mayai yanayoweza kufika maelfu. Kwenye joto la Dar, yai hadi kupe mzima ni suala la miezi michache. Kwa hiyo pitisha tochi ya simu kwenye pembe za juu, nyuma ya mbao, kwenye bawaba za mlango na chini ya kitanda. Vitu vidogo vya kijivu vyenye ukubwa wa punje ya maharage vilivyojipanga kwenye ufa ni majike yanayotaga. Ukiona hata mmoja, ondoka.

Uliza pia wanapambana na kupe kwa dawa gani. Hapa ndipo madhara makubwa hutokea kimyakimya. Wapo wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuipima kwa macho. Dawa za jamii ya amitrazi zikizidi, mbwa analegea, anateleza miguu, mate yanamtoka, mapigo ya moyo yanapungua. Usikubali mbwa wako aogeshwe na dawa ya kupe akiwa kule. Mpe kidonge cha kinga nyumbani siku chache kabla ya kuingia, na waandikie kwamba ameshapewa. Kidonge cha fluralaneri (Bravecto) hukinga kwa wiki 12, cha afoksolaneri (NexGard) kwa mwezi mmoja. Vyote hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo mpime mbwa kwanza, na kama amewahi kupata kifafa mwambie daktari kabla hajakuandikia.

Usafi una mtihani wake, na mfanyakazi wa banda ndiye wa kuulizwa, si meneja. Mwombe akueleze anavyosafisha banda baada ya mbwa mmoja kutoka na kabla ya mwingine kuingia. Jibu sahihi lina hatua nne: anaondoa kinyesi chote, anasugua kwa sabuni na maji, anamwaga jiki na kuiacha dakika 10, halafu anasuuza na kukausha. Kumwaga jiki juu ya kinyesi ni kupoteza jiki, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijagusa virusi. Kipimo nacho kina ujanja wake. Kanuni inayosambaa ya sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 30 za maji ni ya dawa yenye nguvu ya asilimia 5 na zaidi. Chupa nyingi madukani kwetu zina asilimia 3.5 hivi, na hapo inatakiwa sehemu 1 kwa 20, yaani nusu lita ndani ya ndoo ya lita 10. Zile dawa za kahawia zinazogeuka maziwa zikiingia majini zinanukia hospitali, ila pavo haziuui. Na kirusi cha pavo kikishaingia kwenye udongo wa uwanja hukaa mwaka mzima na zaidi. Ndiyo sababu kwenye pavo tunategemea chanjo kwanza, usafi baadaye.

Joto. Desemba hadi Machi, banda lenye bati bila dari ni tanuri kuanzia saa tano asubuhi. Inua mkono kuelekea bati. Kama unahisi moto usoni, mbwa aliyefungiwa humo saa sita mchana ataathirika. Mbwa wa pua fupi, kama Pug na Bulldog, hafai kulala sehemu isiyo na feni, na feni bila umeme ni pambo: uliza nani ananunua luku na jenereta ikoje. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likivuka 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Anayehudumu anapaswa kujua la kufanya: maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, feni, kisha daktari.

Maji ya kunywa ni hesabu rahisi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita 1 hadi 1.2 kwa siku hali ikiwa tulivu, na kwenye joto letu anaweza kumaliza lita 2. Sufuria moja ndogo anayoipindua saa nne ikakaa tupu hadi jioni ni kosa la kawaida kabisa. Tafuta vyombo viwili vizito, au ndoo iliyofungwa kwenye nondo.

Tuna neno pia juu ya mchanga. Hoteli kadhaa za mwambao hujisifu kwamba mbwa analala kwenye mchanga wa asili. Mchanga wa kivulini uliolowa mkojo ndipo anapotaga yule inzi ambaye buu wake huingia chini ya ngozi. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu, buu hukaa mchangani akingoja mwili wenye joto, akiupata huzama ngozini na kukua humo kwa siku nane hadi kumi na mbili. Mbwa anarudi nyumbani na vijipu tumboni, kwenye nyayo na kwenye korodani, kila kimoja na kitundu katikati. Kijipu hicho hakikamuliwi kikavu. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu, subiri buu akose hewa ajitokeze, ndipo ubinye taratibu pande mbili, maana akikatikia ndani kidonda huoza. Inzi huyo hutaga pia kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, kwa hiyo shuka ya mbwa ipigwe pasi ya moto pande zote mbili. Kitanda kiwe cha mbao au turubai, kimeinuka sentimita 15 hivi kutoka sakafuni.

Mwisho kwenye hoteli ni milango. Mbwa wengi wanaopotea hutoroka getini wakati wa kukabidhiana, au ndani ya saa 24 za mwanzo. Geti liwe la hatua mbili, la pili lisifunguliwe kabla la kwanza halijafungwa. Ukuta usiwe chini ya mita 1.8, na chini yake kuwe na zege mbwa asifukue.

Mtu nyumbani kwako, au mbwa nyumbani kwa mtu

Mbwa akibaki kwake anakula chakula chake, ananusa harufu zake, hakutani na kupe wa mbwa wengine wala kikohozi chao. Ndiyo maana tunaipa njia hii alama ya kwanza. Udhaifu wake ni mmoja: kila kitu kinategemea mtu mmoja. Akiugua, akifiwa, akipata dili kubwa kuliko lako, mbwa hana mwingine. Kwa hiyo awepo mtu wa pili, jirani au ndugu, aliyekwisha kuingia uani na kumlisha mbwa angalau mara tatu ukiwepo.

Mtu wa kulala asije siku ya safari. Aje wiki moja kabla, amlishe mbwa mbele yako, atoke naye matembezi wewe ukiwa nyuma, halafu mara ya mwisho atoke naye peke yake. Mbwa wa ulinzi ambaye kazi yake ni kuzuia wageni hatamkubali mgeni kwa sababu mmempa funguo. Wengine hula kutoka mkononi mwa mtu mchana na kumzuia mlangoni usiku, kwa hiyo jaribio la kuingia usiku, mwenye nyumba akiwa ndani lakini kimya, ni la lazima.

Familia inayopokea mbwa kwake ni njia nzuri kwa mbwa mdogo au mpole. Uliza idadi kamili ya mbwa watakaokuwepo tarehe zako, si idadi ya kawaida. Desemba waliozoea kupokea wawili hupokea wanane, na hapo pamekuwa hoteli isiyo na mabanda. Mbwa hukutanishwa nje, kwenye uwanja usio wa yeyote kati yao, wakiwa na kamba, na chakula hutolewa vyumba tofauti. Ugomvi mwingi hutokea kwenye sahani na mlangoni. Jike ambaye anaweza kupata joto wakati wa safari asipelekwe. Joto huja takriban kila miezi sita au saba na huchukua wiki tatu hivi, hesabu kutoka lile la mwisho. Hoteli zenye busara nazo humkataa.

Jambo la mwambao halipaswi kupitwa. Kwa Waislamu wengi wa kwetu mate ya mbwa ni najisi, na kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu anaweza kumwonea mbwa huruma, akamlisha vizuri kabisa, na asipende kuguswa naye. Muulize mapema kwa heshima, ukubaliane naye. Andaa sahani ya chuma ya mbwa isiyoingia jikoni, upawa wa kuchotea, bomba la nje, na sehemu ambayo mbwa hapiti. Anayekubali kwa sharti hilo mara nyingi ni mwangalizi makini kuliko anayesema "hakuna shida" kwa kila kitu.

Kliniki

Nenda kliniki kama mbwa anatumia insulini, dawa za kifafa ambazo hairuhusiwi kukosa dozi hata moja, au ametoka upasuaji. Kwa mbwa mzima mwenye afya hatuipendekezi. Wagonjwa wa pavo na distempa wako jengo hilohilo. Ikibidi, taka chumba cha walalaji chenye mlango wake, vyombo vyake na mhudumu asiyetoka wodi ya wagonjwa. Na lile swali la usiku linauma zaidi hapa: kliniki nyingi hufungwa jioni, daktari akaenda kwake, na mbwa akabaki na giza.

Mlinzi na dada wa kazi

Mlinzi wa kampuni hubadilishwa. Wa leo amemzoea mbwa, kesho analetwa mwingine ambaye hajawahi kumwona. Hata yule wa kudumu ana kazi yake, na mkataba wake hausemi kupima minyoo wala kuchunguza ufizi. Dada wa kazi anayeogopa mbwa hamlishi, anamrushia chakula kwa mbali, na mbwa anajifunza kumkimbilia. Usimlazimishe.

Kama hakuna njia nyingine, tenganisha fedha. Mpe mlinzi posho yake ya kazi hii ya ziada, ijulikane ni yake. Chakula cha mbwa nunua mwenyewe, kipime, kiache. Ukiacha kiasi kimoja cha pesa "cha mbwa na cha kwako", unamweka mtu mwenye watoto achague kati ya nyama ya mbwa na ada ya shule. Hapo kosa ni la aliyepanga. Mnunulie daftari la kuandika kila siku saa ya kula, amekula kiasi gani, kinyesi kilikuwaje, maji yamebadilishwa saa ngapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na afya ya mbwa ni vivyo hivyo. Ndugu au jirani apite kila siku ya pili.

Chakula, kwa gramu

Matatizo mengi ya tumbo hotelini si ugonjwa. Ni kubadilishiwa chakula ghafla. Mbwa wa Dar aliyezoea ugali wa dona na dagaa akipewa chakula kikavu cha mfuko siku ya kwanza, siku ya pili anaharisha. Kama kule wanalisha cha mfuko, anza nyumbani siku 7 kabla: siku mbili robo ya kipya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu, ya saba kizima.

Vinginevyo peleka chake. Mbwa wa kilo 20 anayekula cha mfuko hutumia gramu 250 hadi 300 kwa siku kwa vyakula vingi. Soma mfuko wenu. Kwa gramu 280 na safari ya siku 14, ongeza siku 3 za kuchelewa: 17 mara 280 ni karibu kilo 4.8. Kiweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa sababu panya wanaokojolea chakula ndio wanaoleta leptospira. Ndani tia kikombe kilekile cha nyumbani, chenye alama ya kalamu mahali pa kuishia. "Kikombe kimoja" bila kikombe hakimaanishi kitu.

Kwa mbwa wa ugali, uliza unga unatoka wapi. Unga unaouzwa kwa bei ndogo kama wa mbwa mara nyingine ni wa mahindi yaliyoingia ukungu, na sumukuvu inamharibu mbwa ini: anakataa chakula, macho na ufizi vinageuka njano, anatapika damu. Ugali wa asubuhi usitunzwe hadi usiku kwenye joto. Mapupu, maini na matumbo yachemshwe nusu saa na zaidi baada ya maji kuchemka, kwani mabichi huleta minyoo ya tegu inayoambukiza hadi watu. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe kabisa, inapasukia tumboni.

Karatasi za kuacha

Andika ukurasa mmoja, kwa mkono ikibidi: jina la mbwa na maneno anayoyatii, uzito, chakula, dawa na saa zake, anachoogopa, kliniki yake, namba mbili za simu za watu walio Dar, kwa sababu kijijini mtandao hukatika. Chini yake andika ruhusa ya matibabu yenye kiwango, kwa mfano "mtibuni mara moja, gharama hadi shilingi kadhaa msinisubiri", utie sahihi, na uache fedha hizo kwa mtu unayemwamini au kwenye pesa ya simu ya mtu huyo. Madaktari wengi hawapasui bila malipo ya awali, na usiku wa manane si wakati wa kutafuta wakala.

Kwenye mkataba wa hoteli soma vitu vinne. Siku inahesabiwaje: kwa usiku, au kwa saa, na ukimchukua jioni unalipa siku nzima? Bei ya Desemba ni ileile? Nani analipa mbwa akimng'ata mwingine au mfanyakazi? Ukichelewa siku tano anabaki banda lilelile au anahamishwa? Kung'ata mtu si jambo dogo: aliyeng'atwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, huenda hospitali kwa ajili ya chanjo, na mbwa huangaliwa siku 10. Kitabu cha chanjo kiwe kule kule alipo mbwa.

Nafasi za Desemba shika mapema, Oktoba si mapema mno. Halafu fanya usiku wa majaribio, mmoja, wiki tatu kabla ya safari. Asubuhi mtazame: sauti imekauka kwa kubweka? Pua imechubuka kwa kusukuma waya? Kucha zinavuja damu? Mpime kwenye mizani ya bafuni, wewe ukimbeba, kisha uondoe uzito wako. Baada ya safari ndefu, kwa mbwa wa kilo 20, kupungua kilo 1 kunazungumzika. Kilo 2 ni tatizo, na unayo haki ya kudai maelezo.

Usiku wa tarehe 31 una fataki. Taka ahadi ya maandishi kwamba mbwa ataingizwa chumba cha ndani saa kumi na moja jioni, redio ikiwa imewashwa, na hatatolewa hadi asubuhi. Anayetetemeka sana aone daktari wiki mbili kabla. Dawa ya kutuliza ijaribiwe kwanza nyumbani, isianzwe usiku wenyewe.

Ukiwa safarini, usiombe picha. Omba video mbili kwa siku: moja akila, moja ya kinyesi cha asubuhi. Picha ya mbwa amevalishwa kitambaa haikuambii chochote.

Akirudi

Siku mbili za kwanza atalala sana na kunywa sana. Mpe maji kidogokidogo, nusu ya chakula jioni ile. Harisho la siku moja hutokea. Lenye damu, au analotapika nalo, ni la daktari siku hiyo hiyo. Mkague kwa vidole kabla hajaingia ndani: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Shuka aliyokwenda nayo chemsha.

Homa za kupe hazijitokezi siku anayorudi. Ile inayoitwa ehrlikia huchukua siku 8 hadi 20 tangu kung'atwa, na mwenye mbwa ameshasahau hoteli. Kwa wiki tatu, inua mdomo wa juu kila asubuhi ubonyeze ufizi kwa kidole: unageuka mweupe, na rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka, damu puani, mkojo wa rangi ya chai, au mbwa anayeacha sahani kwa siku ya pili, mpeleke akapimwe damu na umwambie daktari tarehe kamili alizolala nje. Tiba ya ehrlikia kwa doksisaiklini ni siku 28. Siku ya tano mbwa huwa ameshachangamka na wengi huacha dawa hapo, zimalizeni zote.